Geti Lina Mlinzi

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa kwenye benchi la kituo cha polisi, viatu nimevivua nimevisukuma chini ya benchi, nasubiri kuambiwa kosa langu. Kwa wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza nitarudi nyuma kidogo tu, maana bila ya hayo hutanielewa.

Marehemu mume wangu alikuwa mlinzi wa geti, pale reli inapokatiza barabara nyuma ya maghala. Kazi yake ilikuwa kusikia honi ya treni kwenye kona, kufunga mnyororo wa upande huu, kuvuka, kufunga na wa upande wa pili, kisha kusimama na bendera nyekundu mpaka behewa la mwisho lipite. Nyumba ya geti ndiyo tuliyoishi. Ukitoka mlangoni, mnyororo huo hapo.

Alipofariki, nikiwa bado ndani ya eda, stesheni masta alikuja kunipa pole. Akaniambia, "Mama, shikilia mnyororo kwanza, mpaka waajiri mtu." Nikashikilia. Mtu hakuja. Eda ikaisha, mimi bado nimeshikilia.

Ndipo mbunge wetu akasimama bungeni kuuliza ni lini Serikali itaajiri mlinzi wa geti lile. Tulimsikia Naibu Waziri kwenye redio akijibu kwa sauti ya mtu aliyeshiba: "Mheshimiwa Spika, geti hilo lina mlinzi anayetoa huduma wakati wote."

Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikaitwa Mheshimiwa Mlinzi. Fundi cherehani, jirani yangu na mwanamke mwenzangu ambaye tulikuwa tukiswali bega kwa bega, aliniuliza kama redio inalipa mwisho wa mwezi au katikati.

Mbunge hakuridhika. Akauliza swali la nyongeza, kwamba huyo mlinzi ni nani, mbona yeye hajawahi kumwona. Wakatumwa wakaguzi na kamera. Siku waliyokuja, mimi niliambiwa nisionekane. Pale getini akasimamishwa mtunza stoo wa stesheni, kavalishwa sare. Wakaguzi wakapiga picha wakaondoka. Mtunza stoo naye akaondoka, akijua mimi nitarudi. Mimi nikabaki nilikoambiwa nibaki, nikijua yeye yupo.

Treni ya mizigo ikapita geti wazi. Seremala alikuwa katikati ya reli na pikipiki yake ya magurudumu matatu imejaa mbao. Kwa ule mngurumo wake hakusikia kitu. Seremala huyo ni mume wa fundi cherehani. Nasema ni, ulimi haujazoea kusema alikuwa.

Nani aliniambia nisionekane? Hilo nimelikwepa wiki zote hizi. Leo sikwepi tena.

*

Mpelelezi alikuwa mwanamke, umri wa binti yangu kama ningejaliwa binti. Alinivutia kiti mwenyewe.

"Kazi yako, mama?"

"Mjane."

"Ujane si kazi."

"Waulize wanaoufanya," nikamwambia.

Akatabasamu kidogo, kisha akaandika: mlinzi wa geti. Nikamwambia sijawahi kuajiriwa hata siku moja, sina sare, sina cheo, bendera yenyewe nimeishona kwa kanga yangu nyekundu baada ya ile ya marehemu kuchanika. Akaweka kalamu chini. Alisema anayaamini maneno yangu. Lakini hilo limeshajibiwa bungeni, na yeye ni askari mdogo, hawezi kumwandikia Waziri kwamba si kweli.

"Kumbe niliajiriwa na redio," nikasema, "na leo redio inanishtaki."

Hakucheka. Alinisomea shitaka: kuacha lindo na kusababisha kifo. Akaniambia niende nyumbani lakini nisisafiri. Kamati ya Bunge inakuja kusikiliza jambo hili. Kamati ikimaliza, wao polisi ndipo wataanza.

Njia ya kurudi inapita kwa fundi cherehani. Alikuwa barazani, mguu kwenye kanyagio, cherehani inakwenda bila nguo. Nikatoa salamu. Akaitikia kwa midomo tu, kwa sababu salamu ni wajibu.

Nilitaka kupita. Akaniita.

"Wengine watakuuliza nani," akasema. "Mimi sikuulizi nani. Nakuuliza mnyororo ulikuwa chini kwa nini."

Nilisimama mbele yake kama mtoto aliyevunja chungu. Akarudi kwenye cherehani yake, ikaendelea kushona hewa.

*

Mwanangu alikuja baada ya alasiri.

Ninaye huyo huyo mmoja. Ni afisa utumishi wilayani, kazi yake ni kujua kiti gani cha Serikali kina mtu na kipi hakina. Nimeuza maandazi mpaka vidole vikapoteza alama ili afike pale. Alikuja na kilo ya sukari, na mwanangu si mtu wa kuja na sukari. Nikajua kuna jambo.

Aliketi mkekani na suruali yake ya ofisini. Akaomba maji, nikampa, hakuyanywa.

"Mama, kubali," akasema.

Nikamuuliza nikubali nini. Akanieleza taratibu, kama anamlisha mgonjwa uji. Amezungumza na mwanasheria wa ofisi. Mtu mzima kama mimi, mjane, asiyepewa mafunzo, mahakama haitamtupa ndani. Nitapewa kifungo cha nje, nitafagia uwanja wa hospitali asubuhi, nitarudi kwangu, yataisha. Cha muhimu nikubali mbele ya kamati kwamba nilikuwa mlinzi na nikaondoka mwenyewe.

"Na nisipokubali?"

Akaanza kulia. Mara ya mwisho kumwona analia ni siku tulipomzika baba yake, na siku ile alijificha.

Lile jibu la redioni aliliandika yeye.

Wizara ilipiga simu wilayani asubuhi, jibu linatakiwa kabla ya mchana. Akampigia stesheni masta, stesheni masta akasema mtu yupo. Mwanangu alimjua huyo mtu kuliko mwingine yeyote, ndiye aliyemnyonyesha.

"Ningeandika kwamba hakuna, wangeleta mtu," akasema. "Na mtu akija anakuja na mke na watoto, na nyumba ya geti ni ya mlinzi. Wewe ungelala wapi, mama? Kwangu ni vyumba viwili na mkweo ana mimba."

"Kwa hiyo ukaandika."

"Niliandika ili usitolewe ndani."

Nilimwambia hakuniuliza. Akasema aniulize nini, kama napenda kubaki kwangu?

Wasomaji, mnisamehe. Nilitakiwa kukasirika na nikashindwa. Nilimtazama nikaona kichwa kile kile nilichokuwa nakinyoa kwa wembe uani, na ndani ya kichwa kile kulikuwa na mtu aliyekaa ofisini, simu inamsubiri, akafikiria paa la mama yake.

Sasa mnajua pia ni nani aliyekuja alfajiri ile ya wakaguzi, kwa baiskeli ya kuazima, akaniambia, "Mama, leo usionekane getini, mtunza stoo atashika, nenda kwangu kaa na mkweo." Wangenikuta mimi na kanga yangu nyekundu, jibu la Waziri lingekuwa kichekesho. Nikaenda. Nilikuwa namenya viazi na mkwe wangu niliposikia honi, na baada ya honi ule mlio. Mkwe wangu akauliza ni nini kile. Nilijua, nikamwambia sijui.

Mwanangu alifuta uso kwa mkono wa shati. Akasema anayelidanganya Bunge anafukuzwa na anafungwa, na mkubwa wake ameshaanza kuuliza jibu liliandikwa na nani.

"Wewe hawatakufunga," akasema. "Mimi watanifunga. Mtoto atazaliwa sipo."

Tuliswali magharibi pamoja, yeye mbele, mimi nyuma yake. Nilipoinua mikono niliomba jambo la aibu, nalitaja hapa kwa sababu nimeahidi kutoficha. Sikuomba ukweli udhihiri. Niliomba wasiniulize.

*

Asubuhi yake alikuja mbunge mwenyewe, viatu vyake virefu vinazama kwenye kokoto za reli. Mwanamke mchangamfu, mwenye mkono wa joto. Aliniita mama yangu. Akasema kesho niseme neno moja tu, sikuajiriwa, mengine nimwachie yeye, Naibu Waziri atatoka pale ameinamisha kichwa.

Nikamuuliza nikisema hivyo ataumia nani.

"Waliodanganya."

"Walio juu au walioandika?"

Akasema mambo haya yanaanza juu, nisiwe na hofu. Lakini alilisema huku anatafuta mahali pa kusimama pasipochafua viatu, na mimi mtu akitafuta pa kusimama simwamini sana. Alipoondoka nilimwona mtunza stoo amekaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu, bendera mpya mapajani. Tangu ajali ndiye aliyewekwa pale. Mimi nilikatazwa kugusa mnyororo mpaka kesi iishe. Kila honi ikilia nilikuwa natoka mlangoni hata hivyo, nasimama mikono nyuma, naangalia kama anafunga. Alikuwa anafunga. Mnyororo wa upande wa pili una tabia ya kukwama, lazima uunyanyue kwanza ndipo uvute, na yeye kila mara aliuvuta kwanza. Nilimwambia. Akasema, "Sawa, Mheshimiwa," kwa dhihaka, lakini akaanza kunyanyua.

*

Kamati ilikaa stesheni, kwenye ukumbi wa abiria, ili waheshimiwa wawe karibu na mahali penyewe. Geti lenyewe halionekani kutoka pale, maghala yanaziba.

Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye miwani ya kamba. Upande mmoja Naibu Waziri na watu wake, upande wa pili mbunge wetu. Fundi cherehani alikaa mstari wa mbele, nguo nyeupe. Mwanangu alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, amejibana ukutani kama anayesubiri dawa.

Naibu Waziri alianza. Sauti ile ile ya redio, ila ana kwa ana ni mtu mfupi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, jibu la Serikali lilikuwa sahihi. Geti lile lilikuwa na mlinzi. Kwa bahati mbaya mlinzi huyo aliacha lindo. Serikali imechukua hatua, imeweka mlinzi mwingine, na tumekuja naye ili kamati yako imwone."

Mtunza stoo akasogea mbele. Sare mpya, mikunjo ya pakiti bado iko kifuani, bendera ameibana kwapani. Wajumbe wawili watatu wakatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaambiwa akae pembeni, akakataa kukaa, akasimama wima kama picha.

Stesheni masta akafuata. Alisema alinikabidhi kazi kwa mdomo. Kweli. Alisema nilikuwa naifanya vizuri. Kweli. Alisema alasiri ya ajali hakuniona getini na sikumuaga. Kweli. Hakusema uongo hata mmoja, na alipomaliza nilijiona nimeshafungwa.

Nikaitwa. Nilikuwa nimetia udhu kwenye bomba la stesheni. Nikawekewa Msahafu, nikaweka mkono, nikaapa. Mkono ule ule wa mnyororo. Niliuona mzee juu ya kitabu kile.

"Uliwahi kuajiriwa?" Mwenyekiti akauliza.

"Hapana."

Mbunge wetu akatabasamu.

"Lakini kazi ulikuwa unaifanya?"

"Ndiyo."

Naibu Waziri akatabasamu. Nikaona kila jibu langu lina mwenyewe anayelisubiri.

"Siku ya ajali ulikuwa wapi?"

"Kwa mwanangu."

"Unafanya nini?"

"Namenya viazi."

Watu wakacheka, si wengi. Fundi cherehani hakucheka. Mwenyekiti aligonga meza kwa kidole, akavua miwani ikabaki inaning'inia.

"Mama, uliacha geti la reli ukaenda kumenya viazi?"

Hapo ndipo ningeweza kusema ndiyo. Neno fupi, linatoka hata bila kufungua mdomo sana. Ningefagia uwanja wa hospitali, mjukuu angezaliwa baba yake yupo. Lakini fundi cherehani alikuwa ameinua uso, na mkono wangu ulikuwa pale ulipokuwa.

"Niliambiwa nisionekane," nikasema.

Nilimsikia mtu akiacha kuandika.

"Nani alikuambia?"

Swali nililoomba nisiulizwe. Sikumwangalia mwanangu. Nilijua tu alipo, kama unavyojua jiko lilipo gizani. Nikavuta pumzi.

Honi ikalia kwenye kona.

Treni ya mizigo haina saa, inakuja ikijaa. Mimi nilikuwa nimeshasimama, kiti kimeanguka nyuma yangu, na mkono wa kushoto, uliokuwa huru, umeshanyooka kushika mnyororo usiokuwepo. Mwenyekiti akasema mama kaa, hujaruhusiwa.

"Mheshimiwa," nikasema, "nani yuko getini?"

Akajibu mmoja wa watu wa Naibu Waziri, bila kuinua kichwa kwenye makaratasi yake. "Geti lina mlinzi."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama mtunza stoo. Alikuwa amesimama pale pale ukutani na sare yake, bendera kwapani. Yeye akamtazama stesheni masta. Stesheni masta akanitazama mimi.

Walimleta ili aonekane kwamba yupo. Hawakuacha mtu.

Toka honi ile mpaka injini kufika unapata nafasi ya kufunga pande zote mbili, kama hujazubaa na kama unatokea mlangoni kwangu. Kutokea stesheni, sijui. Hajawahi mtu kujaribu. Na hiyo ni saa ya watu kurudi kutoka sokoni, barabara imejaa.

Aliyekuwa karibu na mlango ni mwanangu. Nilisikia mlango kabla sijamwona. Alitoka mbio na viatu vyake vya ofisini, vikapiga sakafu ya stesheni, vikapiga kokoto, kisha sikuvisikia tena. Baba yake alimfundisha geti alipokuwa mdogo, halafu akamkataza asiliguse tena, akamwambia akasome. Je, atakumbuka upande wa pili unanyanyuliwa kwanza?

Mtunza stoo ndipo naye akashtuka, akaanza kukimbia, bendera ikamdondoka mlangoni.

Mwenyekiti alikuwa amesimama nusu. Naye ni mtu aliyezoea kazi yake kama mimi nilivyozoea yangu, kwa hiyo alisema alichozoea kusema, ila sauti ilikuwa imemkauka.

"Mama, bado uko chini ya kiapo. Swali halijajibiwa."

Mkono wa kulia ulikuwa bado juu ya Msahafu. Sijui ni nani aliyeuzuia pale. Fundi cherehani alikuwa amegeuka ananitazama usoni, mara ya kwanza tangu maziko.

"Aliyeniambia ni mwanangu," nikasema. "Ni huyo aliyetoka mbio."

Hakuna aliyeandika.

Treni hupiga honi ya pili ikifika maghala. Miaka yote nimekaa pale sijawahi kuikosa. Nikaisikiliza. Ukumbi mzima ukasikiliza pamoja nami, waheshimiwa na wasio waheshimiwa.

Honi ya pili haikulia. Zilikuja breki, chuma juu ya chuma, mlio mrefu usiotaka kuisha, na ulipoisha hakukuwa na sauti nyingine yoyote ya kutuambia kama treni imesimama kabla ya geti au juu yake.

Fundi cherehani akainuka kwenye kiti chake, akaja mpaka nilipo, akanishika mkono.